Mtoto analala kwangu vizuri, kwao halali. Mamake anasema nampa dawa. Mnasemaje?

#1 Anti_wa_Pipeline
Habari zenu. Nalea watoto hapa Pipeline, Embakasi, Nairobi, mwaka wa sita sasa. Tuko wawili, mimi na msaidizi, na watoto huwa kumi hadi kumi na wanne. Jumatatu wanajaa, mwisho wa mwezi wanapungua kwa sababu mnazozijua.

Kuna mmoja ana mwaka mmoja na miezi minane. Analetwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa sababu mamake anaingia kazini Industrial Area saa moja na anaenda kwa miguu. Kwangu akishakula, saa sita na nusu amelala. Anaamka saa tisa kasorobo, unaweza kuweka saa yako kwa kumwangalia. Kwao, mamake anasema mpaka saa tano usiku mtoto anaruka kitandani kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Ijumaa amekuja kumchukua, akaniuliza mbele ya wazazi wengine: "Anti, huwa unampatia Piriton ya ngapi?" Hakuuliza kama nampatia. Aliuliza ya ngapi.

Sijawahi kumpa mtoto wa mtu dawa ambayo mamake hakunikabidhi mkononi. Lakini usiku nimekaa nikajiuliza, kweli, kwa nini alale kwangu kwenye mkeka, wenzake wakilia huku na huku, na asilale kwao kitandani kwa mamake? Wenye kujua mnielezee.

#2 Konda Mstaafu
Nimefanya matatu za barabara ya Outering miaka tisa. Mtoto analia steji mpaka abiria wanataka kushuka. Gari ikitoka tu, muziki umefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka, amelala. Usingizi wa mtoto hauna adabu. Pengine kwa mamake kumenyamaza sana.

#3 Mama Pacha
Pole Anti, lakini usimkasirikie. Kuna mahali nilikuwa napeleka wangu, sitapataja. Nikienda kuwachukua saa kumi na moja jioni nakuta watoto wote wamelala. Wote, hata wale wakubwa. Wangu wanaamka macho mazito, midomo imekauka, hawataki hata kunyonya. Siku moja nikainua godoro kutafuta soksi nikaona karatasi ya vidonge imeshatobolewa. Sikuuliza mtu. Nilibeba begi na watoto wangu nikaondoka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyo mama anashtuka tu.

#4 Anti_wa_Pipeline
#3 nimekusikia, na hao ndio wanatuharibia jina sote. Ila wangu huamka akitafuta mpira. Macho mazito hana.

#5 NesiZamu
Hapo ndipo pa kuangalia. Piriton ni dawa ya mzio, na usingizi ni mojawapo ya athari zake. Kuna watoto inawageuza, badala ya kulala wanakuwa kama wamewekwa betri mpya. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi bila daktari, na hakuna mtoto anayepewa ili mlezi apumzike. Aliyelala kwa dawa ukimwamsha anayumba, hajui yuko wapi, anarudi kulala. Anayeamka mwenyewe na kuomba mpira, mimi siwezi kumshuku anti wake.

Ila nina swali langu. Huyu mtoto amepewa dawa ya minyoo lini? Kuna ile minyoo midogo myeupe kama nyuzi, ambayo majike yake hutoka usiku kutaga mayai kwenye tundu la haja. Mtoto anawashwa usiku, mchana ametulia. Mama anasema anaruka kitandani, na ni kweli, haruki bure.

#6 Kijana wa Kayole
Nesi, watu wanakula hapa.

#7 NesiZamu
Nawe kabla hujala, kanawe mikono. Dawa ya minyoo ni kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja. Wiki za Malezi Bora, zile za afya ya mama na mtoto, zikija, mwezi wa tano na wa kumi na moja, hutolewa pamoja na vitamini A.

#8 Baba Wawili
Mnazunguka. Hii ni hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa umri huo anahitaji masaa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwa ndani. Huyu analala saa tano usiku, anaamshwa labda saa kumi na nusu ndio afike kwa Anti. Hayo ni masaa saba. Mchana mawili na robo. Jumla tisa na robo. Anadai usingizi, na deni lake linalipwa kwa Anti. Kesi imefungwa.

#9 Mwalimu_PP1
Saa tano mpaka saa kumi na nusu ni tano na nusu, si saba. Jumla ni saba na robo tatu. Deni ni kubwa kuliko ulivyosema. Hata ule mwisho wa chini hafiki, anapungukiwa na zaidi ya matatu.

#10 Baba Wawili
Asante mwalimu. Hesabu ilinitoa shule, kumbe bado inanifuata.

#11 Mpwani_Nairobi
Na si "masaa". Saa moja, saa mbili, saa kumi na nne. Saa haina wingi mwingine.

#12 Kijana wa Kayole
Huyu naye. Mtoto wa watu halali, yeye anapima ngeli.

#13 ShoshoUmoja
Nimelea wanane wangu na wajukuu sijui wangapi. Huyo mtoto anamngoja mamake. Hakuna kingine.

#14 Mama Pacha
Shosho eleza. Anamngoja vipi na mamake ndiye amelala naye kitanda kimoja?

#15 ShoshoUmoja
Anamwona saa ngapi? Anatolewa blanketi gizani, anarudi gizani. Mchana kutwa ni Anti. Sasa mama amekuja, unataka alale? Nani alale mgeni wake akiwa amefika? Ataruka, ataangusha sufuria, atafanya kila kitu mradi mama amtazame. Kwa Anti hana la kungoja, analala.

#16 Mwalimu_PP1
Hili la shosho tulisoma chuoni kwa lugha ngumu. Kuna mtafiti, Mary Ainsworth, miaka ya 1950 aliishi Uganda akiwa anawatembelea akina mama wa Kiganda majumbani kuangalia wanavyoishi na watoto wao wachanga. Aliona mtoto humfanya mama kituo chake. Anatambaa kwenda kuchungulia dunia, anarudi kugusa goti, anaenda tena. Wengi wanadhani mambo haya yaligunduliwa Marekani, lakini alianza kuyaona hapa jirani.

#17 ShoshoUmoja
Mzungu alitoka kwao akaja mpaka Uganda kuona mtoto akigusa goti la mamake. Angenipigia simu.

#18 Konda Mstaafu
😂😂 Shosho usituue.

#19 Mwalimu_PP1
Lakini shosho, hiyo haielezi kwa nini kwa Anti analala *saa ileile*. Mimi naona ni kundi. Watoto wanaigana. Mmoja akipiga miayo, safu nzima inapiga miayo. Kwao yuko peke yake na watu wazima wanaoongea, TV imewaka, taa imewaka. Amuige nani?

Na nyumba za Pipeline mnazijua. Nilikaa singo, chumba kimoja cha ndani, ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia ukuta wa jirani, unaweza kumpasia chumvi. Adhuhuri unawasha taa. Mwili hujua usiku kwa giza na mchana kwa mwanga wa jua. Mtoto aliyeamka katika giza na kulala chini ya balbu, mwili wake utajuaje saa?

#20 Baba Wawili
Hiyo TV usiipite haraka. Mwongozo niliotaja unasema chini ya miaka miwili mtoto asikae mbele ya skrini kabisa. Kwangu tulikuwa tunafungua katuni "apoe kidogo tupike". Hakupoa. Tulizima wiki mbili, akaanza kulala saa tatu. Mke wangu anasema ni kwa sababu wiki hizo nilikuwa narudi mapema. Tumebishana mpaka leo.

#21 Mama Pacha
Anti, basi tuambie wewe unawalazaje. Ukieleza hatua kwa hatua huenda hata huyo mama akisoma atulie.

#22 Anti_wa_Pipeline
Sawa, lakini hakuna siri. Saa sita wanakula. Leo ilikuwa wali, ndengu na karoti ya kuponda. Wakimaliza namwaga maji ya chupa ya chai kwenye karai, nayapoza, naosha miguu ya kila mmoja. Si kwa uchafu tu. Nimegundua mtoto akioshwa miguu anaacha kukimbia, sijui kwa nini. Wengine nawaosha na tayari wanainamisha kichwa.

Halafu pampasi, halafu mikeka. Pazia nalishusha lakini mlango unabaki wazi. Jiko linatolewa nje *kabla* ya mtoto yeyote kulala, hata mvua ikinyesha. Wachanga nawalaza chali pembeni, mbali na wale wanaorusha mateke.

Sasa hapa ndipo kazi ilipo. Kila kundi lina kiongozi. Kwangu ni kasichana ka miaka mitatu, mwili mdogo, sauti ya kondakta (Konda nisamehe). Akikataa kulala, hakuna atakayelala. Kwa hivyo naanza na yeye. Nakaa nimempa mgongo, najifanya nakunja nguo, sisemi kitu. Ukimwambia mtoto "lala" umeshindwa. Akiona hakuna anayemshughulikia, anajilaza kusikiliza. Dakika kumi.

Huyu wetu wa mwaka na miezi minane yeye analala na sikio. Si lake. Anashika ncha ya sikio la msaidizi wangu, anaizungusha kati ya vidole viwili kama anayepima unga kama umesagika vizuri. Msaidizi lazima alale chini kando yake. Kidole kikisimama, amelala. Siku msaidizi amevaa hereni, mtoto anazivuta, anakasirika, halali mpaka zitolewe. Sasa havai hereni Jumatatu hadi Ijumaa.

Hivyo tu. Nikimaliza wote kumi na wanne mgongo wangu haunyooki, na hapo ndipo nakunywa chai ya saa nne.

#23 Kijana wa Kayole
Umesema hakuna siri halafu umemwaga zote. Mamake anajua mambo ya sikio?

#24 Anti_wa_Pipeline
Unajua, sijawahi kumwambia. Anakuja saa moja usiku amechoka, nampa mtoto, begi na mkebe, anaenda. Tunaongea mlangoni dakika moja, nayo ni ya "amekula?" na "lete hamsini iliyobaki."

#25 NesiZamu
Anti, hilo la jiko nalipigia makofi.

#26 Konda Mstaafu
Si moshi huisha mkaa ukishashika vizuri? Sisi tulikuwa tunalala nalo baridi ya Julai.

#27 NesiZamu
Na uko hapa kwa neema. Moshi unaouona unakukohoza, unatoka nje. Mkaa uliokolea ndio hatari. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na aliyelala nayo haamki kusema anaumwa kichwa. Mtoto anayelala ghafla na kwa uzito kwenye chumba chenye jiko, usiseme ana usingizi mzuri. Mtoe nje kwanza.

#28 Mama Pacha
Nimesisimka. Kule kwangu kwa zamani jiko lilikuwa kwenye kona. Pengine hata haikuwa vidonge.

#29 NesiZamu
Au vyote viwili. Au vidonge vilikuwa vya mlezi mwenyewe na mafua yake. Siwezi kujua kutoka hapa.

#30 Baba Wawili
Kwani hizi beibi kea hazisajiliwi? Ofisi ya watoto ya serikali kuu inafanya nini?

#31 Karani wa Korti
Rekebisho. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeweka vituo vya kulea watoto chini ya kaunti, mstari mmoja na elimu ya chekechea. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Serikali kuu haijanawa mikono, Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto popote alipo. Mtu akishuku mtoto anapewa dawa au anateswa, apige 116. Ni bure.

#32 Anti_wa_Pipeline
Cheti changu cha afya kimebandikwa ukutani. Mmoja amekitafuna pembe, lakini jina bado linasomeka.

#33 Mpwani_Nairobi
Kwetu "beibi kea" tungesema kituo cha malezi ya mchana.

#34 Anti_wa_Pipeline
Ndugu yangu, bango langu ni futi mbili kwa moja. Hayo maneno yote nitayaandika wapi?

#35 Karani wa Korti
Tukiwa kwenye sheria, mnamlaumu mama bure pia. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mwajiriwa miezi mitatu ya uzazi na mshahara wote. Wataalamu wa afya wanataka mtoto anyonye maziwa ya mama pekee miezi sita. Hiyo mitatu inayobaki inajazwa na nani? Inajazwa na Anti. Na huyo ni mwenye barua ya kazi. Wa kibarua cha siku anarudi kidonda hakijapona.

#36 Mama Pacha
Nilirudi wiki ya sita. Maziwa yalikuwa yanalowesha blauzi nikiwa kwenye mashine, nikawa navaa sweta hata jua likiwaka. Sheria ya Afya ya 2017 inasema kazini kuwe na chumba cha kunyonyesha. Chetu kilikuwa choo. Nendeni mbele, nisiwapoteze.

#37 Konda Mstaafu
Hujatupoteza, mama.

#38 Jirani_Ghorofa_ya_Nne
Nimesoma wote. Hakuna aliyeuliza chai. Huku kwetu watoto wanapewa chai ya rangi na mkate saa mbili usiku. Mkubwa akinywa saa hiyo anakesha, mtoto je?

#39 ShoshoUmoja
Wangu wote wamekunywa chai na wamelala.

#40 NesiZamu
Shosho, wako walikuwa wamechunga mbuzi kutwa. Chai ina kafeini, na ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Mtoto apewe maji, maziwa au uji. Anti, muulize mama huyo mtoto hunywa nini jioni.

#41 Anti_wa_Pipeline
Nimerudi. Mengi yametokea. Niliamua kumwalika mamake. Nikamwambia Jumamosi huendi kazi, njoo ushinde nasi, ujionee mwenyewe. Akakubali haraka, nadhani alitaka kunishika.

Amefika saa nne. Amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mkoba mapajani, kama mtu wa ukaguzi. Watoto wamekula, nimeosha miguu, nimeshusha pazia. Kiongozi amelala. Saa saba kasoro, wote chini.

Isipokuwa wake. Wake amesimama katikati ya mikeka anamwangalia mamake na kucheka. Msaidizi amelala chini, ametoa sikio, mtoto amelikataa. Amekimbia kwa mama, amegusa goti, amerudi, amekimbia tena. Saa nane alikuwa ameamsha watatu. Saa tisa mimi ndiye niliyekuwa nasinzia.

#42 Mwalimu_PP1
Amegusa GOTI? Nasema tu.

#43 ShoshoUmoja
Mlinibishia.

#44 Baba Wawili
Hapana, Jumamosi mama hakuamka saa kumi na nusu. Mtoto alilala mpaka lini asubuhi hiyo? Deni lilikuwa limelipwa. Hilo jaribio halihesabiki.

#45 Anti_wa_Pipeline
Anasema mpaka saa mbili asubuhi. Kwa hivyo sijui. Na nimeuliza chai: ndiyo, anapewa, kikombe kidogo. Minyoo pia hajui ni lini, kitabu cha kliniki kiko ocha, kwao kijijini.

Lakini akitoka, alimwangalia msaidizi akamuuliza, "Hilo sikio ni la nini?" Tukamweleza. Akakaa kidogo. Akasema huyo mtoto humvuta masikio usiku na yeye humpiga kofi mkono, akidhani ni ukorofi. Halafu akavua hereni zake, akaziweka kwenye mkoba, akambeba mtoto wakaenda. Ya Piriton hakuigusa. Samahani hakusema, nami sikuidai.

#46 Mama Pacha
Usiku huo alilala?

#47 Anti_wa_Pipeline
Jumatatu nilimuuliza. Alilala saa nne. Jana saa tano na robo.

#48 Konda Mstaafu
Apandishwe mathree (matatu) tu.

#49 NesiZamu
Minyoo, Anti. Usisahau.

#50 Jirani_Ghorofa_ya_Nne
Samahani nikitoka nje ya mada. Anti, una nafasi? Wangu ana miezi kumi, uji wa wimbi hataki, na hulala akishika nywele. Za mtu yeyote.

#51 Anti_wa_Pipeline
Ipo moja kuanzia Jumatatu. Kuja naye kesho jioni tuonane. Nitamwambia msaidizi asisuke wiki hii.